Nzi Huingia kwa Pua, Hutoka kwa Macho: Namna ya Kutengeneza Mtego wa Kibuyu na Kioo Unaofaa Kukaa Barazani

Maembe ya kwanza yakianza kuanguka hapa Isevya, mjini Tabora, nyumbani hufika wageni wa aina mbili kwa siku moja: watu na nzi. Watu tunawakaribisha barazani, tunawatengea sinia la maembe yaliyomenywa, na kabla mtu hajafikisha kipande cha pili mdomoni, mkono wake mwingine umeshaanza kupunga hewani. Miaka mingi tumekula embe kwa mkono mmoja. Tulijaribu dawa ya kupuliza, ikatukohoza sisi. Tulining'iniza mlangoni mfuko wa plastiki uliojaa maji, kama wafanyavyo baadhi ya mama lishe mjini, na nzi wakapumzika juu ya mfuko.

Kilichotusaidia ni mtego. Sisemi ile chupa ya maji iliyokatwa kwa kisu na kugeuzwa kichwa chini. Ile inakamata, sikatai, lakini hakuna anayependa mkwe wake aketi mkabala nayo. Hapa nitaeleza mitego miwili inayoweza kukaa mbele ya mgeni bila kuleta aibu: mmoja mdogo wa bilauri, wa vinzi vya matunda, na mmoja mkubwa wa kibuyu na chupa ya asali, wa nzi wa kawaida. Huo wa kibuyu niliukosea mara mbili kabla haujakubali, na makosa yote mawili nitayasimulia, maana ukiyaelewa hutahitaji kufuata vipimo vyangu neno kwa neno.

Kwanza mjue nzi mwenyewe

Nzi hutafuta chakula kwa harufu. Akishanusa kitu kinachochacha au kuoza, haulizi mlango uko wapi, hupenya popote harufu inapotokea, hata pawe giza, hata iwe ni kutoka chini kwenda juu. Lakini akishashiba na kutaka kuondoka, pua haimsaidii tena. Hapo hutumia macho: huruka kuelekea mwangaza, na kwake mwangaza uko juu. Hatarudi chini gizani kutafuta kitundu alichoingilia. Ndiyo maana nzi aliyeingia chumbani hugonga kioo cha dirisha kutwa nzima huku mlango uko wazi nyuma yake.

Basi mtego wowote wa nzi ni nyumba yenye mlango chini, gizani, panaponukia, na dari angavu lisilo na tundu. Ukishika hilo, umeshika kila kitu.

Wazungu walilijua zamani. Ulaya walikuwa na chupa za kioo zilizopulizwa maalumu kwa kazi hii, mviringo kama kitunguu, zenye vijiguu vitatu vya kama sentimita moja na tundu kubwa kitakoni. Ukingo wa tundu hilo ulikunjwa kwa ndani ukawa kama mfereji, na ndani ya mfereji wanamimina bia au siki. Nzi anatembea chini ya chupa, anapanda kupitia tundu, anajikuta ndani ya jumba la kioo, anaruka na kuruka, anachoka, anaangukia kwenye siki. Chupa yenyewe ni nzuri kiasi kwamba leo watu huzinunua kama mapambo ya kale. Kuna waliokuwa wakitia ndani yake maziwa yaliyochanganywa na sumu ya aseniki, jambo ambalo wewe usiliige hata kwa mzaha.

Huna haja ya kwenda Ulaya kuona kanuni hiyo ikifanya kazi. Tazama choo cha shimo chenye bomba la hewa, kile kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970 na kusambaa nchi nyingi za Afrika. Ndani ya kibanda huachwa giza, bomba hutoka shimoni hadi juu ya paa, na mdomoni mwa bomba hufungwa wavu. Nzi aliyezaliwa shimoni huona mwangaza mmoja tu, ule wa juu ya bomba, huufuata, hukutana na wavu, hufia hapo. Na ukienda porini upande wa Ugalla utakuta vitambaa vya buluu na vyeusi vimening'inizwa mitini, juu vina chandarua chenye umbo la koni. Hiyo ni mitego ya mbung'o. Rangi ndiyo inayomvuta badala ya harufu, lakini akishafika hupanda kuelekea kwenye mwangaza vile vile na kunasa juu. (Ndiyo sababu warina asali hukwambia usivae buluu ukiingia msituni.)

Kwa hiyo pambo lolote utakaloweka, liwe chini. Juu paachwe peupe. Ukivunja sheria hiyo utakuwa na pambo zuri lisilokamata kitu, kama langu la kwanza.

Mtego mdogo: bilauri ya vinzi vya matunda

Nianze na ulio rahisi, utaumaliza kabla chai haijapoa. Vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu, urefu wa milimita tatu hivi, vinavyozunguka ndizi zilizoiva na mabaki ya togwa, havitishiki na mkono wala kanga. Vinapenda kitu kimoja kuliko vyote: tunda linalogeuka kuwa siki.

Chukua bilauri ya kioo iliyo nzuri. Mimi natumia zile zenye maua zilizobaki peke yake baada ya wenzake wa seti kuvunjika. Mimina siki kiasi cha vidole viwili, ongeza kijiko cha chai kimoja cha sukari na kipande kidogo cha embe au ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kisha dondosha tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tone hilo ndilo siri. Bila sabuni, kinzi hutua juu ya siki na kusimama kama mtu aliye juu ya godoro, anakunywa na kuondoka. Sabuni huvunja ile ngozi ya juu ya maji, akitua tu anazama. Lakini liwe tone moja. Nilimwona binamu yangu akimimina kama anayefua, harufu ya sabuni ikaifunika ya siki na hakuna kilichoingia.

Kunja karatasi ngumu iwe koni, ncha yake ikatwe ibaki tundu la kupitisha njiti ya kiberiti kwa raha, yaani milimita tatu au nne. Iingize bilaurini ncha ikitazama chini bila kugusa siki. Pale karatasi inapokutana na ukingo wa bilauri pasiwe na upenyo, la sivyo vinzi vitatokea pembeni. Hapa ndipo pambo linapoingia: badala ya gundi ya plastiki, zungushia ukingoni uzi wenye shanga, mizunguko miwili au mitatu iliyokazwa. Uzi unabana karatasi, shanga zinapendezesha. Karatasi yenyewe ukipenda ifunike kwa nje na kipande cha kitenge, kwa sababu hapa kinzi anakuja kwa harufu tu na sabuni inammaliza kabla hajawaza kutoka.

Weka kando ya kawa la matunda, si mbali. Badilisha kila baada ya siku tatu nne.

Mtego mkubwa: kibuyu na chupa ya asali

Sasa kazi yenyewe. Utahitaji kibuyu kikavu chenye tumbo la upana wa sentimita 20 hivi, chupa ya asali ya kioo yenye mdomo mpana pamoja na kifuniko chake, kipande cha wavu wa madirisha, ule wa aluminiamu wenye kushika umbo, waya mwembamba, gundi ngumu, msasa, na kamba ya katani. Hapa Tabora chupa ya asali haikosekani nyumbani. Chagua ya lita moja, iliyonyooka, isiyo na rangi. Plastiki angavu inafaa pia ila huchakaa kwa jua na kuwa na ukungu, na mtego wenye dari la ukungu ni mtego nusu.

*Kuandaa kibuyu.* Kata shingo ya kibuyu kwa msumeno wa meno madogo mahali ambapo upana wake unalingana na kifuniko cha chupa. Kata polepole huku ukikizungusha, ukikandamiza upande mmoja kitapasuka hadi tumboni. Toa mbegu na ule utando wa ndani kwa kijiko, jaza maji, kiache usiku mmoja, kisha kikwangue tena. Utando ukibaki unaota ukungu wenye harufu yake, na harufu hiyo nzi hawaipendi. Kikaushe kivulini siku mbili. Kwenye jua kali huchanika.

Chini ya tumbo, kama theluthi moja kutoka kitako, toboa matundu sita au manane kukizunguka, kila moja upana wa kama sentimita moja, yaani kalamu ya wino ipite na nafasi kidogo. Nzi wa nyumbani ana urefu wa milimita sita au saba, atapita bila kunyata. Usitoboe zaidi ya hapo. Matundu yakizidi, mwanga wa pembeni unashindana na mwanga wa juu, na nzi aliye ndani anapata njia mbili za kuchagua.

*Pambo.* Fanya sasa, kabla hujaunganisha chochote. Mimi nachoma mapambo kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa na kushikwa kwa koleo: mistari ya pembetatu kuzunguka tumbo, na kila tundu la kuingilia linazungushiwa duara liwe kama jicho, hivyo matundu yanageuka sehemu ya nakshi na mgeni hajui kazi yake mpaka aambiwe. Msumari ukipoa hukwaruza badala ya kuchoma, kwa hiyo weka misumari mitatu motoni uibadilishe. Ukimaliza, piga vanishi kwa nje tu, tabaka mbili, na uache wiki nzima harufu iishe. Hapo usifanye haraka. Kibuyu kinachonuka vanishi ni kama hoteli inayonuka rangi mpya, wateja hupita wakienda zao.

*Koni.* Kata wavu, ukunje uwe koni yenye kimo cha sentimita 10, kitako chake kikilingana na mdomo wa chupa, na nchani acha tundu la sentimita moja. Shona ubavu wake kwa waya mwembamba. Nimeona wengine wakitumia kichwa cha chupa ya maji kama koni, na inafanya kazi, ila mdomo wake una zaidi ya sentimita mbili na baadhi ya nzi hurudi. Wavu una faida nyingine: unapitisha mwanga, na nzi anapenda kutua juu yake na kupanda kwa miguu hadi nchani.

Kimo cha koni kifike karibu katikati ya chupa. Ikigusa dari, nzi anayetoka nchani hana pa kwenda. Ikiwa fupi sana, anayezunguka ukutani hukutana na tundu tena kwa bahati.

*Kuunganisha.* Kata katikati ya kifuniko cha chupa, ubaki ukingo wenye mzingo wa kufungia. Gundisha kifuniko hicho juu ya shingo ya kibuyu, ule upande wa kufungia ukitazama juu, kisha toboa vitundu vinne na ukishone kwa waya, kwa sababu gundi peke yake haistahimili joto la barazani. Funika waya kwa ukili uliosukwa au kwa shanga. Koni ikalie kwenye ukingo huo, halafu chupa igeuzwe kichwa chini na kufungwa kwa kuzungushwa. Kila ukitaka kumwaga nzi, unafungua chupa tu, kibuyu hakibomolewi.

Kama unataka kuipamba chupa, ishia robo ya chini, karibu na shingo. Juu usiweke hata kibandiko.

Makosa yangu mawili

Kibuyu cha kwanza nilikitengeneza kizima, bila chupa. Nilikichonga vizuri, nikatoboa matundu chini, nikaweka chambo, nikakining'iniza barazani. Kila mtu alikisifia. Nzi nao walikisifia: waliingia, wakala, wakatoka. Ndani mlikuwa giza tupu, mwangaza pekee ulikuwa ule wa matundu waliyoingilia, na wao wakaufuata kama inavyowapasa. Nilikuwa nimewajengea mgahawa.

Cha pili nilikiwekea chupa juu, na nikaona chambo kitaozesha kibuyu. Nikayeyusha nta ya nyuki, nikaizungusha ndani hadi ukuta wote ukang'aa. Nilijiona fundi. Nikakitundika kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Siku ya tatu asubuhi nikaona nyuki sita saba wanaingia na kutoka kwa utaratibu, bila haraka, kama watu wanaopimiwa kiwanja. Mjomba, ambaye ana mizinga upande wa Sikonge, alikuwa amekuja kutusalimu. Alikitazama kile kibuyu, akakaa chini kwenye mzizi akacheka mpaka akavua kofia.

"Mwanangu, umetundika mzinga."

Ni kweli. Chombo chenye uwazi ndani, matundu madogo, harufu ya nta, juu ya mti: hivyo ndivyo mrina asali anavyowaita nyuki wahamie. Tukakishusha jioni kabla kundi halijaamua. Tangu hapo chambo nakiweka kwenye kikopo kidogo cha plastiki kinachopita shingoni mwa kibuyu, na ndani ya kibuyu sipaki kitu.

Chambo, na heshima kwa nyuki

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu Tabora si mahali pa kutega wadudu kiholela. Misitu ya miombo inayotuzunguka ndiyo inayoupa mkoa huu jina lake la asali, na nyuki wa mizinga ya watu hufika mjini kutafuta maua ya miembe. Ukiweka asali au maji ya sukari matupu kama chambo, utajaza chupa yako nyuki, na nyuki hao ni mali ya mtu.

Dawa yake ni siki. Nyuki huikwepa, nzi na vinzi huifuata. Kila chambo cha sukari nakitilia siki bila kukosa. Changanya nusu lita ya maji ya uvuguvugu, vijiko vinne vya chakula vya sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, na maganda ya embe moja. Kiache kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa siku moja, kikianza kutoa povu ongeza vijiko viwili vya chakula vya siki. Kikopo kijazwe nusu. Hicho ndicho chambo cha barazani, kinanuka kama togwa iliyolala, mgeni hatakunja uso.

Chambo chenye nguvu zaidi ni maji ya vichwa vya dagaa wa Kigoma, wale wanaoshushwa na treni hapa stesheni. Vichwa kiganja kimoja, maji kikombe kimoja, siku mbili juani kwenye kopo lililofunikwa. Nyuki hawaigusi kabisa, na nzi wa nyumbani humiminika, hasa majike wanaotafuta mahali pa kutaga. Lakini hiki ni cha nyuma ya nyumba, karibu na shimo la taka au banda la kuku. Niliwahi kukiweka barazani asubuhi moja, na hadi leo kuna jirani ananiuliza kama tulipata msiba wa paka.

Ukiona nyuki wanaingia licha ya siki, ondoa mtego, uuhamishe au ubadilishe chambo. Usisubiri kesho.

Dawa ya wadudu usiitie ndani. Haihitajiki, kanuni ya mwangaza inatosha, na kibuyu chenye shanga ni kitu ambacho mtoto atataka kukigusa.

Pa kuweka

Mtego unavuta nzi kabla ya kuwakamata. Maneno hayo yakumbuke unapochagua mahali. Ukiuweka juu ya meza ya chakula unawaalika mezani. Uweke kati ya nzi wanakotoka na wewe unakoketi. Kwetu nzi hutoka upande wa jiko la nje na banda la kuku, kwa hiyo kibuyu kinaning'inia kwenye nguzo ya baraza iliyo upande huo, hatua tano sita kutoka kwenye viti, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Wengi huning'iniza juu kama taa, na hapo nzi hawapiti sana.

Chupa ipate jua la asubuhi, kibuyu kiwe kivulini. Tofauti hiyo ya mwangaza na giza ndiyo injini. Jua la mchana kutwa hukausha chambo na kuwaua nzi wa ndani haraka, ila harufu ya wafu nayo haikawii.

Usitarajie mbu. Mbu hatafuti embe lako, anatafuta pumzi na jasho lako, na mkoa wetu unajua malaria vizuri. Kwa huyo ni chandarua chenye dawa, kila usiku. Zile taa za umeme zenye mwanga wa buluu zinazopasua wadudu huua zaidi nondo na wengine wasio na kosa, mbu wachache sana, na vipande vya wadudu huruka pembeni. Nikiiona juu ya meza ya chipsi nahama meza. Karatasi za ulimbo nazo sizitaki nyumbani: mjusi wa ukutani, ambaye anakula nzi bila mshahara, akigusa ulimbo hachomoki.

Kumbikumbi ni habari nyingine. Mvua za kwanza zikipiga, usiku wanaifuata taa kwa wingi wa ajabu, na mtego wao ni beseni la maji chini ya taa moja ya nje, taa nyingine zote zikizimwa. Kama unakusudia kuwakaanga, usitie sabuni kwenye beseni. Nimeona hasara hiyo.

Kumwaga na kusafisha

Mwaga kila baada ya siku tatu, nne ikizidi. Si suala la usafi peke yake. Nzi jike hutaga mayai zaidi ya mia kwa mkupuo mmoja, naye atataga hata ndani ya mtego, juu ya chambo. Katika joto letu mayai huanguliwa chini ya siku moja, na ndani ya siku saba hadi kumi funza amekuwa nzi kamili. Mtego uliosahauliwa wiki mbili ni mtego uliogeuka kiwanda.

Fanya hivi. Asubuhi na mapema, nzi wakiwa bado wazito kwa baridi, toa mtego wote juani na ukifunike kibuyu kwa kitambaa cheusi, ili walio chini wapande chupani. Mchana wengi watakuwa wamekufa kwa joto la kioo. Fungua chupa juu ya ndoo yenye maji ya moto na sabuni kidogo, wale wabishi wamalizikie humo. Kama una kuku, wape wale wa chupani kabla ya maji ya sabuni, watakushukuru. Kikopo cha chambo mwagia shimoni, usimwage bustanini. Kibuyu kipanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, usikiloweke.

Na wakati huo huo angalia mtego unakuambia nini. Chupa ikijaa kwa siku moja, mtego hauna kosa, kuna mahali wanazaliwa karibu. Kwetu palikuwa penye maganda ya maembe tuliyokuwa tukitupa nyuma ya uzio. Sasa maganda na maembe yaliyooza tunayafukia shimoni chini ya udongo wa nusu mita, na yale yenye funza ndani tunayafunga kwanza kwenye mfuko mzito uliokazwa na kuuacha juani siku kadhaa. Hao funza wa ndani ya embe ni watoto wa nzi mwingine kabisa, nzi wa matunda mwenye rangi ya kahawia na njano, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na tangu hapo hajatuachia embe salama. Kibuyu hiki hakimkamati vya kutosha, yeye ana mitego yake ya shambani. Choo nacho kifunikwe, kwa kuwa wale nzi wadogo wanaong'ang'ania macho ya watoto, wanaoeneza trakoma, huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa wazi.

Msimu ukiisha, kama Februari hivi, fungua kila kitu, osha chupa, kausha kibuyu, uvirejeshe kabatini au uache kibuyu pale pale kama pambo. Mimi changu nakiacha. Ila kikikaa miezi bila chambo kinanyamaza na kuwa chombo kitupu chenye matundu, na nyuki wa Tabora hawapuuzi chombo kitupu. Kabla ya kukishusha tena Novemba, kigonge kwa kucha, kisha weka sikio mbali kidogo usikilize.